Husuni Kubwa na Vazi la Sultani



Imekuwa desturi siku hizi kwa watu wetu wa pwani, wakipata nafasi ya siku mbili tatu, kushuka Kilwa Masoko, kupanda chombo na kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani kuyatazama magofu ya wazee. Zamani safari hii ilikuwa kama imeandikiwa Wazungu na wataalamu peke yao. Sisi majirani tulipita na madau yetu tukiyaona maganjo kwa mbali, wala hatukushuka. Sasa utawakuta huko wanafunzi, maharusi, jamaa kutoka Lindi na Mtwara, na akina mama na vikapu vyao vya wali na samaki wa kukaanga. Ni jambo la kushukuru.

Ila kwenda ni jambo moja, na kutazama ni jambo jingine. Katika maneno haya nataka tulipime lile kasri la Husuni Kubwa, ambalo kila mgeni hupelekwa na kila mgeni hulisifu, na tuipime pia namna linavyosimuliwa. Maana nimesikia habari zake zikitolewa mara nyingi, na aghlabu ni zile zile: kwamba lina vyumba zaidi ya mia, kwamba lina birika la kuogea la pembe nane, kwamba katika zama zake halikuwa na mfano pande hizi zote. Msikilizaji hutikisa kichwa, hupiga picha, na kurudi chomboni kabla maji hayajakupwa.

Sizikatai sifa hizo. Ni za kweli, na aliye na jicho la fundi ataona zaidi ya hizo. Waliochagua mahali pale walijua wanalofanya. Kasri limekaa juu ya genge, bahari iko chini yake, upepo unaingia bila kizuizi, na ngazi zinateremka mpaka ufukoni. Upande wa kusini upo ua mkubwa uliozungukwa na vyumba, ambao wataalamu wanaona ulikuwa wa biashara na kuwekea mali. Upande wa kaskazini, kwenye bahari, ndiko kwenye makazi, ua wa baraza na hilo birika. Jiwe lenyewe ni la matumbawe. Likitolewa baharini bichi huwa laini, hukatwa na kuchongwa karibu kama mbao, kisha likikauka huwa gumu na kuishi miaka mia kwa mia. Chokaa nayo ilichomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Dari zilizo bapa zilibebwa na boriti, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Kwa hiyo usistaajabu ukiona vyumba vya sultani ni vyembamba na virefu, sawa na vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja. Palipotakiwa fahari zaidi wakajenga matao na kuba.

Hapa yafaa nitie neno moja kwa wale wasemao kwamba haya ni "majumba ya Wareno". Neno hili bado lasikika hata kwa watu wa pwani wenyewe, nalo ni la kukatazwa. Wareno walifika Kilwa kwa mara ya kwanza mwaka 1500. Husuni ilijengwa mwanzo wa karne ya 14, na inanasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jina lake limeonekana katika maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe. Mtaalamu Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake cha juzuu mbili mwaka 1974, aliliweka jambo hilo wazi. Wareno hawakuijenga Kilwa. Walichofanya ni kuuteka mji na kuupora mwaka 1505, wakajenga ngome yao, na mwaka 1512 wakaiacha wakaenda zao.

Basi tukirudi kwenye kasri: pamoja na uzuri wake wote, lina jambo ambalo wasimulizi hulipita mbio kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya anayemdai. Halikumalizika. Vyumba zaidi ya mia vilipangwa, kazi kubwa ikafanywa, lakini ujenzi haukufikia mwisho wake, na waliokaa mle walikaa muda mfupi tu kisha likaachwa. Mtu anayesifu ukubwa wa Husuni bila kusema neno hili amekupa nusu ya habari, nayo ni ile nusu isiyo na mafunzo.

Kwa nini kasri la namna hii liachwe? Mimi naona jibu moja liko katika mahali pake penyewe. Husuni iko mwendo wa zaidi ya kilomita moja mashariki ya mji. Msikiti mkuu uko mjini, visima viko mjini, makaburi ya wazee yako mjini, wauzaji na wanunuzi wako mjini. Kule juu ya genge sultani angekuwa na upepo, bahari na birika lake, lakini asingesikia adhana ya mji wala kelele za soko. Ni nyumba iliyojengwa kuwa mbali na watu. Na kweli, masultani waliokuja baadaye sana, katika karne ya 18, walikaa Makutani, karibu na mji na pwani yake, ndani ya kuta ambazo hazina hata robo ya ustadi wa Husuni. Kwa macho ya fundi Makutani ni jengo la chini. Kwa macho ya mtu anayetaka kukaa na watu, limekaa pahala pake.

Wala jambo hili si la Kilwa peke yake. Ufaransa, kwenye mashamba na misitu ya bonde la mto Loire, yako makasri mengi ya wafalme ambayo watu huyazuru kutoka kila pembe ya dunia. Kubwa kuliko yote ni Chambord. Mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga mwaka 1519, lina vyumba zaidi ya 400, na katika utawala wake wote alilala humo majuma machache tu. Alipokufa mwaka 1547 lilikuwa bado halijaisha. Wafaransa hawalifichi jambo hilo, humwambia kila mgeni, na mgeni hulipa kiingilio na kulisikia. Sasa sisi tuna Chambord yetu, iliyoitangulia ile kwa miaka karibu mia mbili, na tunaona haya kusema kwamba mwenyewe hakuimaliza!

Sasa nikuletee shahidi aliyekuwapo. Mwaka 1331 alifika Kilwa yule msafiri wa Kimoroko, Ibn Battuta, na sultani aliyemkuta ni huyu huyu al-Hasan, aliyejulikana kwa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi, kwa ajili ya ukarimu wake. Ibn Battuta alikuwa mtu wa kupenda majumba. Ameeleza mabaraza ya wafalme wa Misri, Uturuki na Bara Hindi kwa kirefu. Kilwa aliusifu mji kwa uzuri wa majengo yake. Lakini juu ya kasri la sultani hakuandika neno.

Aliandika juu ya nini? Juu ya nguo. Asimulia kwamba siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini baada ya sala, alikutana na fakiri mmoja kutoka Yemen, naye akamwomba zile nguo alizokuwa amevaa, na akazitaka saa ile ile. Sultani hakumwambia njoo kesho, wala hakumwelekeza kwa mtunza hazina. Alirudi nyuma, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, na zile akampa fakiri. Asimulia pia kwamba alikuwa mtu mnyenyekevu, akikaa na mafakiri na kula pamoja nao. Kisha asema kwamba alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daudi, na huyo alikuwa kinyume chake: mwombaji akimjia humjibu kwamba yule aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, na hakuacha kitu cha kutolewa.

Msomaji wangu, fikiri. Zaidi ya miaka mia sita na tisini imepita. Kasri limekuwa vifusi na miiba, na watu wa zama zile hawakulitaja kwa msafiri aliyekuwa akiandika kila kitu. Nguo imeoza tangu zamani, nayo ndiyo iliyobaki katika vitabu.

Laiti kisa kingeishia hapo, ningekuachia uende nacho nyumbani kikiwa kitamu. Wengi wetu tulio walimu hukiishia hapo. Lakini kisa kina mkia, na mwenye kupima hana ruhusa ya kuukata. Mtoto wa sultani aliona haya nguo za baba yake zitoke mkononi mwa ukoo, akazikomboa kwa fakiri yule. Akampa nini? Watumwa kumi. Na sultani aliposikia namna watu walivyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Na huyo huyo Ibn Battuta aeleza kwamba sultani alikuwa akienda mara kwa mara kupigana na watu wa bara, akiteka mali, akitenga khumsi yake na kuitoa kwa wanaostahiki.

Najua utaniambia: sheikh, hizo zilikuwa zama zao, na dunia nzima ilikuwa hivyo. Ni kweli, wala simwiti sultani kwa majina mabaya. Ukarimu wake ulikuwa ukarimu. Lakini watu ishirini walitoka katika mkono mmoja kwenda mkono mwingine mlangoni pa msikiti, siku ya Ijumaa, na kila mtu aliyekuwapo alishukuru isipokuwa wao. Majina yao hayakuandikwa. Ukisimama Husuni katika ule ua wa kusini, na msimulizi akakwambia hapa paliwekwa dhahabu ya Sofala na pembe na nguo za Bara Hindi na vyombo vya Uchina, muulize kwa adabu: na watu, je?

Nami nawaambia wanafunzi wangu kwamba swali hilo si la kuwapa maadui silaha. Ni swali la mwenye nyumba anayetaka kuijua nyumba yake.

Baada ya Husuni, twende mjini kwenye Msikiti Mkuu, maana huwezi kulipima jengo moja pasipo kuliweka karibu na jingine. Sehemu yake ya kaskazini ni ya kale zaidi, ni ya karne ya 11 au ya 12. Sultani al-Hasan, yule yule wa Husuni, aliupanua upande wa kusini. Kisha ukabomoka. Kitabu cha kale cha habari za masultani wa Kilwa kinasimulia kwamba watu walisali katika mahema na mabanda kwa muda mrefu, mpaka katika karne ya 15 alipokuja Sultani Sulaiman bin Muhammad, akausimamisha tena kwa nguzo nzito za mawe na chokaa, matao na kuba. Hizo ndizo unazozitazama leo.

Pima sasa. Majengo mawili, mji mmoja, sultani mmoja aliyeyatia mkono yote mawili. Moja lilipoachwa hakuna aliyerudi kulimaliza. Jingine lilipoanguka watu walisali chini ya kivuli cha makuti, wakangoja, wakalijenga upya, wakalitengeneza tena na tena. Ukiangalia vizuri utaona kwamba kuta za Msikiti Mkuu hazilingani: hapa kazi ya mkono huu, pale kazi ya mkono mwingine, nguzo za zama hizi na matao ya zama zile. Mafundi wa leo wangesema jengo halina mpango mmoja. Mimi nasema kwamba huo ndio uzuri wake, na kwamba kama una saa mbili tu kisiwani, ziweke hapo, na Husuni uitazame kwa baharini wakati wa kurudi.

Na ukiwa hapo, tafadhali, usile maembe ukatupa makokwa kibla. Nimeyaona haya. Na nimeona vijana walioandika majina yao na ya wachumba wao kwa msumari juu ya chokaa iliyopigwa na mikono ya karne ya 15. Mahali palipoitwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, pakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, pakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuzitia nguvu kuta na kuzuia mawimbi yanayokula ufuko, kazi ambayo wanakijiji wenyewe wameshiriki kwa mikono yao, pasije pakamalizwa na msumari wa bwana harusi.

Nimewataja Wafaransa kwa Chambord yao. Iko sababu nyingine ya kuwataja, na hii ni yetu sote. Mwaka 1776, tarehe 14 Septemba, sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim, alitia mkataba na mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice. Masharti yake yanajulikana: Morice apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa piastre 20 kila mmoja, na sultani apewe piastre 2 juu ya kila kichwa. Mkataba uwe wa miaka 100. Na kama rehani ya ahadi hiyo Morice akabidhiwe ngome, aweke mizinga yake na kupandisha bendera yake. Waliouzwa walikuwa wakienda katika mashamba ya visiwa vya Ufaransa, ambavyo leo tunaviita Morisi na Réunion. Mkataba haukufika mbali. Morice alikufa baada ya miaka michache, na Waomani wakaishika tena Kilwa. Gereza lile unaloliona ufukoni ukishuka chomboni ni ngome ya Waomani ya mwaka 1800 hivi, iliyosimama mahali pa ngome ya Wareno. Lakini biashara iliendelea, ikahamia ng'ambo, Kilwa Kivinje, na katika karne ya 19 bandari ile ilipeleka Unguja watu wengi kuliko bandari nyingine yoyote ya pwani hii, mpaka Sultani Barghash alipotia saini mwaka 1873 kuifunga njia ya bahari.

Tazama jinsi mambo yanavyogeuka: katika miaka ya 2000 Gereza lilitengenezwa kwa msaada wa fedha za Ufaransa na Japani. Bendera ya Ufaransa iliwahi kuahidiwa ngome hapa kwa ajili ya watumwa, na fedha ya Ufaransa imekuja kushikiza mawe. Sisemi wasishukuriwe. Nasema mgeni aambiwe yote mawili kwa pumzi moja.

Na wenzetu wameanza kuambiana. Mto ule ule wa Loire wenye makasri, ukikaribia bahari unapita mji wa Nantes, uliotajirika kwa merikebu za watumwa. Mle mjini lipo kasri la watawala wa kale wa Bretagne. Mwaka 2007 lilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho, na ndani yake vyumba vizima vinaeleza biashara hiyo bila kificho, na mwaka 2012 mji ukajenga kando ya mto kumbukumbu ya kukomeshwa utumwa. Mtu anaingia kasrini akitazamia kuona mapanga na mazulia, anatoka ameijua hesabu. Kama wao wameweza, sisi tunaogopa nini?

Najua tunachoogopa. Tunaogopana sisi kwa sisi. Katika miji yetu ya Lindi, Kilwa Kivinje na Mikindani, katika safu moja ya sala wanasimama mjukuu wa aliyeuza, mjukuu wa aliyeuzwa, na mara nyingi mtu mmoja ni wote wawili kwa baba na kwa mama. Bado yapo majumba ambamo posa hukataliwa kwa neno linalosemwa kwa kunong'ona, na kila mtu humo anajua maana yake. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo. Nimeona kijana aliyehifadhi Kurani, mwenye kazi na tabia, akirudishwa kwa ajili ya bibi ya bibi yake aliyeshushwa Kivinje akiwa mtoto na kamba mkononi. Wanaomrudisha ndio hao hao wanaojisifu kwa Husuni Kubwa. Kasri wanalirithi, na ile hesabu ya ua wa kusini wanamwachia kijana.

Kwa hiyo, ewe mzazi unayewapeleka wanao Kisiwani wakati wa likizo, nakuomba uwape safari yenye mpango. Waanze Msikiti Mkuu, wazihesabu zama katika kuta zake. Wapite ule msikiti mdogo wenye kuba, ambao ni mzuri kuliko yote na wageni wengi hukaa hapo dakika tano tu. Waende Makutani, kisha ndipo Husuni, kwa miguu, katika jua, ili waujue umbali ambao sultani aliutaka. Wawasalimie watu wa kisiwani kwa majina ya heshima, babu, bibi, shangazi, kwa sababu wao ndio wenyeji na nyumba zao za udongo na makuti ziko katikati ya magofu. Wasiwapige picha bila idhini.

Wakifika kwenye birika la pembe nane, wakae ukingoni wapumzike. Wasimulie kisa cha fakiri wa Yemen, ukisimulie mpaka mwisho wake. Mtoto mmoja atakuuliza wale ishirini walikwenda wapi. Usimharakishe kwa sababu chombo kinangoja.